Nani atafika? Kupanga mkutano kati ya Lubumbashi na Lukafu

Watu 40, siku 2, sahani 80. Ndivyo tulivyoandika kwenye daftari la kamati tulipokaa mara ya kwanza kupanga mkutano wa walimu wa shule za msingi. Tulikuwa wanafunzi watano wa fakulte, tumeombwa msaada na shirika dogo lisilo la faida. Mada ilikuwa yetu kabisa: namna ya kufundisha kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya mwanzo. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na somo pia, lakini mwalimu aliye mbele ya darasa bado anajiuliza afanyeje. Wasemaji tulikuwa nao, sale ilikuwa imepatikana, na fedha kidogo za mfadhili zilikuwa zimeahidiwa. Tulidhani kazi iliyobaki ni ya kupika tu.

Sahani hazikuwa 80. Kati ya wale 40, watu 15 walikuwa wanatoka nje ya mji, wengi upande wa Lukafu na vijiji vya njiani. Mkutano ulipangwa Ijumaa na Jumamosi. Mtu wa Lukafu hawezi kuamka Ijumaa alfajiri akawahi ufunguzi Lubumbashi. Inambidi afike Alhamisi. Jumamosi kikao kikiisha saa kumi na moja jioni, hawezi kuanza safari ya usiku, ataondoka Jumapili. Basi kwa mkutano wa siku 2 analala mjini mara 3, anakula chakula cha jioni mara 3 na kunywa chai ya asubuhi mara 3. Hesabu yenyewe ni hii: chakula cha mchana cha washiriki, 80, cha wasemaji, madereva na wanakamati, jumla watu 8, ni 16, cha jioni cha wageni 15, ni 45, chai ya asubuhi, 45. Jumla 186. Tena kuna vitanda: 15 kwa usiku 3, yaani malipo 45 ya kulala, ambayo katika daftari letu hayakuwemo hata moja.

Mtacheka, lakini kosa hili hufanywa na watu wenye digrii kubwa kuliko sisi. Linatokana na kuwahesabu washiriki wakiwa wamekwisha kukaa kwenye viti. Mwenye kuandaa mkutano anatakiwa aanze kuwahesabu wakiwa bado mlangoni kwao, na amalize watakapokuwa wamerudi mlangoni hapo.

Nimeandika makala haya kwa sababu katika fakulte yetu maandalizi ya aina hii huonekana kuwa kazi ya pembeni, ya yule ambaye hakuandika mada. Mimi nimefikia kuamini kwamba ndiyo yanayoamua mkutano utasema nini. Anayefika ndiye anayesema, na asiyefika husemewa.

Historia ya masomo yetu wenyewe inaonyesha hivyo. Tarehe 22 hadi 26 Mei 1974 Lubumbashi ilipokea Semina ya Kwanza ya Wanaisimu wa Zaire. Vyuo vikuu vya nchi vilikuwa vimeunganishwa tangu 1971 kuwa Université Nationale du Zaïre, na masomo ya lugha na fasihi yakawekwa hapa kwetu. Semina ile ilitoa mapendekezo ya tahajia kwa lugha za nchi, na mpaka leo mwanaisimu akiandika juu ya tahajia hizo anarudi kwenye tarehe zile. Nikizitazama tarehe zenyewe kwa jicho la mwanakamati naona mambo mawili. La kwanza ni mwezi: Mei mvua zimekwisha na baridi kali ya Juni na Julai haijafika. La pili ni urefu: siku 5, kutoka Jumatano hadi Jumapili. Kutoka Kinshasa mpaka hapa ni karibu kilomita 1,570 kwa mstari wa ndege, na hakuna anayemwita mtu safari ya namna hiyo kwa ajili ya asubuhi moja. Iwe kwa makusudi ama kwa bahati, ratiba ile ilimheshimu msafiri.

Lakini semina ya wanaisimu ni semina ya wanaisimu. Leo Kilingala cha vitabu vya wataalamu kina herufi ɛ na ɔ, na Kilingala cha mabango, cha barua na cha simu kina e na o tu. Sababu ni nyingi, na mashine za kuchapia zimo. Mimi naongeza moja: wanaoandika mabango na barua hawakuwa ndani ya sale.

Mfano wa zamani zaidi unatugusa Waswahili wa Katanga moja kwa moja. Juni 1928, mjini Mombasa, wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar walikutana, na Kiunguja kikachukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha iliyofuata ilianza kazi 1930. Katika orodha ya nchi zile nne Kongo haimo. Hapo kilichotuzuia kilikuwa mipaka ya wakoloni, wala si barabara mbaya; Mbelgiji alikuwa na mambo yake na Mwingereza yake. Hata hivyo matokeo yake tunayo darasani: mtoto wa Lubumbashi anasoma "ugali" kama neno la kigeni, kisha anarudi nyumbani kula bukari.

Sasa nirudi kwenye mkutano wetu mdogo. Jumamosi saa kumi alasiri tulikuwa tunakusanya viti. Mwalimu mmoja mzee akaingia uani, begi begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa wa Lukafu, wa 9 kwenye orodha yetu.

"Pole baba," nikamwambia. "Tumemaliza."

"Nimeona watu wanatoka. Mmeandika nini, mwanangu?"

Nikampa azimio. Lilianza hivi: "Walimu wote wamekubaliana kwamba kitabu cha darasa la kwanza kitumie Kiswahili sanifu peke yake." Akalisoma polepole, akaweka kidole kwenye neno la pili.

"Wote?"

Ndani ya begi alikuwa na daftari la kurasa 60 hivi. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika humo kila neno la kitabu ambalo watoto wake wa darasa la kwanza walilikwama, na kando yake neno walilolitumia wao. Sisi wa fakulte tungehitaji fedha na mwaka mzima wa utafiti ili kupata kitu kama kile. Kilikuwa kimefika, lakini kimechelewa kwa siku 2.

Kwa nini alichelewa? Tulilaumu lori. Lori lilikuwa na sehemu yake, maana liliharibika njiani. Lakini nilipokaa naye kula (alipata sahani, angalau hiyo) aliniambia kwamba lori lile hakulipanda Jumatano kama alivyotaka. Barua yetu ya mwaliko ilisema: "Nauli itarudishwa." Ili irudishwe ilimbidi kwanza aitoe, na hakuwa nayo. Alisubiri mpaka Ijumaa asubuhi alipopata mtu wa kumkopesha.

Neno "itarudishwa" nililiandika mimi. Lilionekana neno la adabu na la uangalifu: mtu anakuja na risiti, analipwa, hesabu ni safi. Kwa hakika ni kichujio. Linampitisha mwenye mshahara wa uhakika na akiba mfukoni, na linamwacha mwalimu wa kijijini ambaye ndiye uliyesema mkutano ni wake. Tangu siku ile nikiona mwaliko wa shirika lolote, mstari wa nauli ndio ninaousoma kwanza.

Fedha za safari zinataka kufikiriwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Njia iliyotufaa baadaye ni hii. Nauli ya kuja hutumwa mapema kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kulingana na mtandao unaoshika mahali pa mtu, pamoja na gharama ya kuitoa. Ukituma kamili bila gharama ya kuitoa, umemkata. Kabla ya kutuma, mpigie mwenye namba usikie sauti yake. Nauli ya kurudi hutolewa mkononi asubuhi ya siku ya mwisho. Ukitoa kila kitu siku ya kwanza, wengine watakuwa na shughuli mjini siku ya pili. Ukingoja dakika ya mwisho kabisa, watu hawatasikiliza maazimio. Watakuwa wanaitazama bahasha.

Halafu kuna risiti. Mfadhili anazitaka, na ana haki, kwa sababu fedha si zake peke yake. Lakini mwenye pikipiki hana kitabu cha risiti, na dereva wa lori atakuandikia kiasi chochote utakachomwambia, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kukosa risiti. Dawa yake ni meza ya nauli. Unawauliza watu watatu wasiojuana bei ya njia moja, unaandika kiasi kimoja kwa kila njia, unampelekea mfadhili akikubali kwa maandishi kabla ya mkutano, na siku ile kila mtu anatia sahihi mbele ya jina lake kwa kiasi kilekile. Wa njia moja wanapata sawasawa, profesa na mwalimu wa darasa la kwanza. Ugomvi mwingi niliousikia kwenye mikutano haukutokana na udogo wa fedha. Ulitokana na mtu kuona jirani yake amepewa zaidi bila sababu kutajwa.

Kama mnalipa kwa dola, chungulieni kila noti benki ikiwatolea. Kwetu noti yenye mpasuko mdogo inakataliwa sokoni, na mgeni hawezi kurudi kutoka Lukafu kuja kuibadilisha. Noti ndogo za faranga ziwepo kwa wingi. Na mweka hazina asiwe ndiye anayeandika orodha ya mahudhurio. Hili sitalieleza zaidi.

Baada ya mkutano ule tuliulizana swali ambalo lilipaswa kuja mwanzoni: kwa nini tuliwaita wao waje kwetu?

Lukafu haikuwa pembeni siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla mji wa Élisabethville haujajengwa, makao ya Comité Spécial du Katanga, halmashauri iliyoundwa mwaka 1900 kuitawala nchi hii, yalikuwa Lukafu. Aliyekuwa na shauri na wakubwa alikwenda huko. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ofisi zikahamia kwenye reli, na tangu hapo ni mtu wa Lukafu anayefunga begi. Reli iliamua nani aende kwa nani. Sisi, miaka zaidi ya 100 baadaye, tuliendelea kupanga kana kwamba reli ile ndiyo mwandalizi wetu.

Tukafanya hesabu upya. Kuwaleta 15 mjini ni malipo 45 ya kulala. Kuwapeleka wawezeshaji 5 Lukafu ni 15. Kule tunaweza kuwapata walimu wa kituo chenyewe na wa vijiji vya jirani, ambao wengi wangekuja kwa miguu ama kwa baiskeli na kulala kwao. Walimu wanawake wenye watoto wachanga, ambao kwenye mkutano wa mjini hawakuja hata mmoja, wangeweza kuja. (Wakija, kumbukeni kwamba mtoto mchanga huja na mlezi, na mlezi naye anakula. Mahali pa kukaa na mtoto pawepo karibu na mlango, si nyuma ya jengo.)

Upande wa hasara nao tuliuandika. Ukienda kijijini unabeba kila kitu: karatasi, kalamu kubwa za ubaoni, gundi, dawa za huduma ya kwanza, nakala zilizokwisha kupigwa. Hakuna duka la fotokopi la kukuokoa saa nne asubuhi. Umeme ni wako mwenyewe. Jenereta ndogo ya kilowati 2, ile tunayoiita gurupe, hula takriban lita 1 ya esanse kwa saa. Siku 2 za saa 7 ni lita 14, ongeza za akiba. Tukajiuliza jenereta ni ya nini. Ilikuwa ya projekta. Projekta ilikuwa ya nini? Ya kuonyesha maneno ambayo yangeweza kuandikwa ubaoni, kwenye darasa ambalo lina ubao. Tukapunguza: gurupe ya kuchaji simu na kuwasha taa jioni, basi. Nawashauri wenzangu walifanye zoezi hili kwa kila kifaa kilichomo kwenye orodha yao, hata kwa mikutano ya mjini, ambako umeme hukatika vilevile katikati ya mada.

Barua ni sehemu ya safari pia. Shirika lisilo la faida hapa nchini linatawaliwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na nakala ya hati zake inafaa iwe ndani ya gari, pamoja na barua ya kuwaarifu wenye mamlaka wa mahali, chifu akiwemo. Uhuru wa kukutana kwa amani umo ndani ya Katiba ya 2006, ibara ya 25. Lakini chifu aliyesikia habari za mkutano wako kutoka kwa wapita njia hatakutajia ibara. Atakuuliza kwa nini hukubisha hodi. Barua ipelekwe na mtu, na mtu huyo akae anywe maji kabla ya kuondoka.

Kuhusu kalenda niseme machache. Mvua zetu huanza karibu Oktoba au Novemba na kuachia karibu Aprili. Barabara ya udongo huhitaji majuma kadhaa kukauka. Aprili na Mei kuna mavuno ya mahindi, na mwalimu wa kijijini ana shamba. Mwisho wa mwaka wa masomo kuna mitihani. Dirisha linalobaki ni dogo, na mashirika yote yanalijua, kwa hiyo magari ya kukodi hupanda bei wakati huohuo. Anayeandika ombi la fedha Novemba kwa mkutano wa Januari amekwisha kupanga matope.

Kwa wanaotaka kualika wageni wa mbali, kuna jambo la saa. Kwa mstari wa ndege Dar es Salaam iko karibu nasi kuliko Kinshasa: karibu kilomita 1,400. Lakini saa za Dar zimetangulia zetu kwa moja, na za Kinshasa ziko nyuma yetu kwa moja. Mkiwa na msemaji wa Kinshasa kwa intaneti na mwingine wa Dar, kuna saa tatu tofauti ndani ya kikao kimoja. Tena Mswahili wa pwani akiandika "saa tatu asubuhi" anataka kusema 9:00, na msomaji wa Kifaransa anaweza kufikiri ni usiku wa manane. Andikeni kwa tarakimu, "9:00, saa za Lubumbashi", kwenye kila karatasi. Mgeni anayevuka mpaka akumbushwe pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, mapema, si akiwa tayari Kasumbalesa.

Mkutano mkubwa nao unawezekana hapa kwetu, na shirika lisilo la faida linaweza kuubeba. Tangu 2008 shirika la Picha limekuwa likiandaa Biennale ya Lubumbashi, ambayo huwaleta wasanii kutoka nje ya nchi na nje ya bara. Anayetaka kujifunza kazi hii aombe kubeba viti huko. Atajifunza mengi kuliko kwenye makala haya.

Sasa lugha, ambayo ndiyo sababu ya sisi kuwemo. Lugha ya mkutano ni jambo la maandalizi kama vile maji ya kunywa. Ukalimani wa papo kwa papo unataka vibanda, vipokea sauti na wakalimani wawili kwa kila lugha. Shirika dogo haliwezi. Kinachobaki ni ukalimani wa kupokezana, na huo hula muda mara mbili. Mada ya dakika 20 inakuwa ya dakika 40. Mada 6 ambazo kwenye ratiba ni saa 2 zinakuwa saa 4, na chakula kinapoa. Mjini tulifanya hivyo: wasemaji wetu walisema Kifaransa, mmoja wetu akatafsiri, na saa ya majadiliano ikaliwa yote. Yaani walimu ambao tuliwaita waseme walitumia siku nzima wakisikiliza jambo moja mara mbili. Hili lilinitia haya kuliko hesabu ya sahani.

Kwa mkutano wa Lukafu tuliamua kwamba kila kitu kiwe kwa Kiswahili, pamoja na mwaliko. Hapo ndipo tulipogundua kazi ya kifakulte iliyojificha. Kiswahili kipi? Tulimpa yaya mmoja wa mwaka wa mwisho ausome mwaliko kwa sauti mbele ya mama muuza mikate wa karibu na fakulte, na kila alipokunja uso tukaandika neno. "Uwezeshaji" lilianguka. "Mdau" lilianguka. "Ghairi" lilianguka vibaya sana. Tukaandika "tukiacha mkutano, tutawapigia simu". Barua ikarefuka kwa mistari 3 na ikaeleweka.

Wasemaji nao walipewa jambo moja la kufanya: kuleta karatasi moja yenye maneno 10 ya kitaalamu watakayoyatumia, na maelezo ya kila neno kwa Kiswahili kinachosemwa hapa. Profesa mmoja alilalamika kwamba hiyo si kazi yake. Alileta karatasi yenye maneno 14.

Tulikwenda Juni, watu 5 katika gari moja, mizigo mapajani. Sitayasimulia yote. Vikombe vilipungua, kwa sababu tulihesabu watu tukasahau kwamba chai na uji vinakuja pamoja. Siku ya kwanza tulianza kwa kuchelewa saa nzima. Mvulana wa gurupe alimwaga esanse. Lakini siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, daftari la yule mzee lilikuwa limepita mikononi mwa walimu 22, na wengine walikuwa wanaandika ndani yake kwa ruhusa yake. Waliongeza maneno, wakabishana. Mwalimu mmoja mama, mtoto mgongoni, alisema kwamba darasani kwake neno fulani halina shida hata kidogo, na kwamba kosa ni la picha iliyo juu ya neno: watoto hawajawahi kukiona kitu kile. Hakuna hata mmoja wetu wa fakulte aliyekuwa amefikiria picha.

Azimio la Lukafu ni fupi. Linapendekeza kwamba kitabu cha darasa la kwanza kiandikwe kwa Kiswahili sanifu, na kwamba kila ukurasa uwe na nafasi chini ambapo mwalimu ataandika neno la kwao. Ni tofauti na lile la mjini kwa kiasi hicho tu, na kwa mstari wa mwanzo, unaosema: "Sisi walimu 22 tuliohudhuria, ambao majina yetu yako hapa chini." Nakala yake ilirudi Lukafu ndani ya wiki tatu, imechapwa, moja kwa kila aliyetia sahihi, bahasha na nauli ya mpelekaji tulikuwa tumezitia kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu mara ya kwanza ripoti ilibaki kwenye kompyuta ya mtu.

Mweka hazina ameniomba niongeze kwamba hesabu zimefungwa, isipokuwa deni la lita 5 za esanse.